Bati Moja, Mikato Mitatu

Jumanne, tarehe 5 mwezi wa tatu

Mjukuu wangu Kidomo,

Salamu. Mimi mzima kama nyundo. Barua hii naiandika mwenyewe, sikumwomba mtu, na kama herufi zinapanda mlima na kushuka bonde, wewe zifuate tu, zitafika. Darasa la tatu langu la zamani linakizidi hicho chuo chenu cha sasa.

Mama yako anasema nikupigie simu. Simu siitaki. Maneno ya simu ni mvuke wa birika, yakishatoka yametoka. Barua ni ushahidi, unamshika mtu nayo shati.

Sasa nijibu. Mama yako kaniambia eti mwaka huu huko chuoni kazi yenu ni kutafuta sifuri. Nikamwambia rudia. Akarudia. Sifuri! Mtoto kavuka mito mitatu kwenda kutafuta kitu ambacho hakipo! Ungeniambia mapema ningekuonyesha hapahapa, nifungue kinywa tu, upande wa chini kushoto zimepangana sifuri nne.

Mimi babu yako ni fundi bati kwa mwaka wa hamsini na tano, na mtaa huu hauna ndoo wala beseni lisilonijua jina. Hesabu zangu ziko kwenye fimbo. Unaijua ile fimbo ya marehemu baba, nusu fimbo, inchi kumi na nne, ina alama moja tu, ya inchi nane. Nusu ya pili usiniulize iko wapi. Nachukua bati la mraba, inchi ishirini na nane kila upande. Kila pembe nakata mraba wa inchi nane, nautupa. Nakunja kuta nne zisimame, nalehemu pembe, sanduku hilo. Ndani linakula makopo ishirini na manne ya maji, kopo lilelile la baba. Si ishirini na tatu na nusu. Ishirini na manne.

Bati moja, sanduku moja. Ndivyo tunavyosema katika karakana hii, na hatukuhitaji sifuri hata moja.

Kuna jambo nataka kukuuliza, ila si leo. Kwanza nieleze hiyo sifuri nione kama walimu wako wana akili.

Mimi babu yako,
Mkono wa Chuma


Jumatatu, 11 Machi

Babu, shikamoo.

Barua yako imesomwa bwenini na wasichana sita, na wote wanataka kuona hilo pengo. Nimewaambia kiingilio ni kununua ndoo.

Umeuliza sifuri ni nini. Nitakujibu kwa bati lako.

Tuseme hujaamua ukate kiasi gani pembeni. Mkato huo nauita x, maana siujui bado. Ukikunja, kina cha sanduku kinakuwa x. Upana unakuwa ishirini na nane ukitoa x mara mbili, kwa sababu umekata pembe ya huku na ya huku. Urefu vilevile. Zidisha vyote vitatu:

x × (28 − 2x) × (28 − 2x)

Sisi tunaiita polinomia. Wewe ione kama mashine: unaitia mkato, inakutolea maji. Itie nane, inakutolea inchi za ujazo 1152, ndiyo makopo yako ishirini na manne.

Sasa sifuri. Sifuri si kitu ambacho hakipo, Babu. Ni ule mkato ambao ukiutia, mashine inarudisha mikono mitupu. Kata sifuri, yaani usikate kabisa: bati limelala, halina ukuta, maji yote yanakimbia. Kata kumi na nne: pembe zimekutana katikati, bati limekwisha, kitako hakuna. Tena hiyo kumi na nne ni sifuri mara mbili, maana upana na urefu vinakufa pamoja.

Sasa rudi uone ile mashine. Imejengwa kwa vipande vitatu, tunaviita vigawo, na kila sifuri ina kigawo chake. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilifunga daftari nikatoka nje kutembea. Ukijua mahali ambapo kitu kinakwisha, Babu, umejua kimejengwa na nini.

Uliza hilo jambo lako.

Mjukuu wako mwenye meno yote,
Kidomo


Jumamosi, tarehe 16 mwezi wa tatu

Kidomo,

Nimesoma barua yako mara tatu, mara moja kwa sauti, mbele ya fuawe ninalogongea bati. Fuawe halikupinga.

Hilo la bati lisilokatwa kutoshika maji, hata kuku wa jirani analijua. Lakini hilo la mwisho, la kitu kukwisha na kitu kujengwa, hilo nililala nalo na kuamka nalo, sitaki kusema zaidi usije ukavimba kichwa.

Haya. Kuna mtu. Simtaji. Ni habari ya ubishi tu kati yangu na fundi wa mlango wa pili, ubishi wa kupitisha mchana. Mtu huyo alisema, kutoka bati lilelile la ishirini na nane kwa ishirini na nane, bila kuongeza hata ukucha wa bati, alitengeneza kitu kipana, kifupi, kuta zake za vidole viwili, trei tunaweza kuiita, na kikala makopo ishirini na manne. Sawasawa na sanduku la alama ya nane.

Mimi ninasema mtu huyo alikuwa muongo. Kuta za vidole viwili zishike maji ya kuta za shibiri? Kama hakubadilisha bati akachukua kubwa zaidi, mimi niitwe mwanamke wa mganga.

Usiniletee maneno mengi. Nijibu neno moja: muongo. Nitaibandika barua yako ukutani, biashara iishe.

Babu yako ambaye hajawahi kushindwa ubishi,
Mkono wa Chuma


Alhamisi, 21 Machi

Babu, shikamoo.

Si muongo.

Umetaka neno moja, nimekupa mawili. Sasa tulia nikuonyeshe, hatua kwa hatua.

Nimechukua mashine ileile nikatoa humo 1152, maji ya makopo yako. Kwa hiyo sasa sifuri ina kazi mpya: ni mkato ambao makopo ishirini na manne yanaingia kamili, hakuna ziada wala upungufu. Nikafungua mabano, nikagawa kwa nne kuondoa uzito, nikapata:

x³ − 28x² + 196x − 288

Usitishwe na hizo namba ndogo za juu, zinasema tu x imezidishwa yenyewe mara ngapi. Ningeweza kukesha hapo nikibahatisha. Lakini sifuri moja ulinipa wewe mwenyewe: nane, alama ya baba yako. Kama nane ni sifuri, basi (x − 8) ni kigawo, haina budi. Nikagawa kwa hicho. Ni kama kulegeza ukuta mmoja uchungulie ndani. Ndani kikabaki:

x² − 20x + 36

Basi nikatafuta namba mbili, zikijumlishwa ziwe ishirini, zikizidishwa ziwe thelathini na sita. Sikutafuta sana. Mbili na kumi na nane.

Mbili, Babu. Kata inchi mbili kila pembe. Kitako ishirini na nne kwa ishirini na nne, kina mbili. Zidisha. 1152. Tone kwa tone.

Na ile ya kumi na nane, hiyo ndiyo imeninyima raha. Huwezi kukata inchi kumi na nane kila pembe, bati lote ni ishirini na nane, utakuwa unakata hewa. Upana unatoka hasi nane, yaani nane upande wa pili wa hakuna. Urefu nao hasi nane. Lakini hasi kwa hasi zinarudi kuwa chanya, sitini na nne, mara kumi na nane, 1152. Sanduku ambalo mikasi hailiwezi, na maji ni yaleyale. Mwalimu anasema sifuri ya namna hiyo kwenye maswali ya masanduku tunaitupa. Nimejaribu kuitupa, imekataa kutupika.

Ila niambie. Alama ya mbili haimo kwenye fimbo yako. Huyo mtu aliyekata mbili bila hesabu hii, alijuaje?

Kidomo


Jumatatu, 8 Aprili

Babu,

Wiki mbili na nusu kimya. Mama anasema umefunga mlango wa karakana mchana kweupe, na ukigongewa unajibu "hayupo". Nani anajibu kama hayupo?

Kama nimekukosea kwa kusema yule mtu si muongo, nisamehe. Sikujua ubishi wa fundi wa mlango wa pili una uzito huo. Mwambie ameshinda yeye, mnunulie chai, yaishe. Au unaumwa? Andika hata mstari mmoja. Andika hata "hayupo".

Kidomo wako


Ijumaa, tarehe 12 mwezi wa nne

Mjukuu wangu,

Fundi wa mlango wa pili alihama mwaka juzi. Nilikudanganya.

Kaa chini usome pole pole, na mimi nitaandika pole pole. Jambo hili sijalitoa kinywani kwa miaka arobaini na moja.

Ninaye mdogo wangu. Hujawahi kulisikia jina lake nyumbani kwa sababu nilikataza. Tulikuwa wanafunzi wa baba sote wawili. Yeye mkono wa shoto, mimi wa kulia, tukisimama meza moja hatugongani viwiko. Macho ya baba yalipoanza kuingia ukungu akasema karakana lazima ipate mwenyewe. Akatupa kila mmoja bati la ishirini na nane, akasema tengenezeni chombo cha makopo ishirini na manne, nitakuja kupima.

Mimi nikatengeneza sanduku, alama ya nane, kama tulivyofundishwa. Yeye akatengeneza trei. Baba akamimina kwa mkono wake, akihesabu kwa sauti. Sanduku langu, ishirini na manne. Trei yake, ishirini na manne. Baba hakuwa anaona vizuri, akaniuliza mimi mkubwa: "Unaonaje, inawezekana?" Nikacheka. Nikasema kabadilisha bati, kachukua kubwa. Mdogo wangu akasema: "Ifungueni mpime." Nikamjibu neno ambalo nililiona la kiume sana siku ile. Nikamwambia: "Sipimi ninachokijua."

Baba akaamini mdomo wangu. Karakana ikawa yangu. Fimbo akaikata nusu kwa msumeno, huyu nusu, huyu nusu, kwamba bado nyinyi ni ndugu. Mdogo wangu akachukua nusu yake akaondoka asubuhi yake. Sikumsindikiza.

Sasa sikia. Kabla sijakuandikia barua ile ya kwanza, mama wa bekari aliniletea trei inavuja pembe moja, nimzibie. Akasema waliikuta bekarini tangu enzi za mama mkwe wake. Nikaigeuza. Alama za nyundo zimelalia kushoto. Katika ukoo wetu anayegonga hivyo ni mmoja. Nilikaa nayo mezani siku nyingi, na fimbo iko pembeni yake, sikupima. Ndipo nikakuuliza wewe. Nilitaka uniandikie muongo ili nisipime.

Barua yako ilipofika nilibishana nayo siku tatu. Nikasema karatasi huvumilia uongo. Nikasema mtoto kakosea kujumlisha. Siku ya nne asubuhi nikapasha chuma cha kulehemu, nikayeyusha risasi pembe ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kuta zikalala chini zenyewe, moja moja, kama watu waliochoka kusimama. Nikalinyoosha kwa nyundo ya mbao. Pembe nne zimekatwa, inchi mbili mbili, safi, hata leo mimi sikati hivyo.

Nikalaza fimbo. Mara moja. Mara ya pili. Ncha ya fimbo na ukingo wa bati vikakutana, kucha haipiti katikati. Nikasema labda upande huu. Nikageuza upande wa pili. Mara moja. Mara ya pili.

Kidomo, nimepima mabati tangu sina ndevu. Sijawahi kuogopa kipimo. Siku ile niliogopa. Niliona kama mtu kanishika bega, na chumbani nilikuwa peke yangu. Yule mtoto wa shoto alisimama pale mbele yetu na kitu cha kweli mikononi, kweli ambayo ilikuwa imekaa ndani ya bati toka bati lilipokuwa bati, na mimi nikaicheka.

Nikaikunja upya, nikalehemu, nikajaza maji. Kopo la ishirini na nne lilipoingia, maji yalipanda yakasimama ukingoni, yanameremeta, hayamwagiki. Nilivua kofia. Usicheke.

Na kuna jambo la pili, hili nimeliona mimi, si wewe, na hao walimu wako uwaambie ni la Mkono wa Chuma. Nilichukua mikato yako mitatu, nikaiandika chini kwa chaki. Mbili. Nane. Kumi na nane, ile ya hewani. Nikajumlisha. Ishirini na nane! Bati zima! Nikajumlisha tena kwa vidole, ishirini na nane. Sasa niambie, hiyo ni bahati, au kuna mtu aliiweka?

Karakana hii ninayokaa sijui tena niiite ya nani. Nataka kumwandikia. Sijui kama yu hai, na kama yu hai sijui yuko wapi.

Babu yako


Jumatano, 17 Aprili

Babu wangu, shikamoo mara mbili.

Yu hai. Ana karakana yake ndogo nyuma ya kituo cha treni, katika mji wa pili kutoka huku niliko. Mama anayo anwani, imo ndani ya bahasha hii. Mama amekuwa akimwandikia kila mwaka toka alipojua kuandika. Anasema nikuambie hivi, maneno yake mwenyewe: "Baba alinikataza kumtaja. Kuandika hakunikataza."

Kuhusu ishirini na nane: si bahati. Nilikaa na barua yako jioni nzima. Badili maji, yawe makopo kumi, yawe ishirini, mikato mitatu itasogea, lakini jumla yake itabaki ishirini na nane daima. Ni kama watu watatu wamejaza benchi moja. Mmoja akijitanua, wenzake wanajibana. Benchi halirefuki. Ile namba ya pili kwenye mstari wangu, 28 yenye alama ya kutoa, ilikuwa imekaa pale inanitazama muda wote, na sikuiona.

Nimempelekea mwalimu. Anasema imo vitabuni zamani sana. Halafu akavua miwani akasema hajawahi kumwona mtu aliyeifikia kwa njia ya trei ya mikate. Amesema nikusalimie, na ameliandika jina la Mkono wa Chuma ubaoni.

Kwa hiyo ile ya kumi na nane haitupwi, Babu. Bila hiyo bati halitimii.

Mwandikie.

Kidomo


Jumapili, tarehe 21 mwezi wa nne

Mdogo wangu,

Ni mimi.

Trei yako imenirudia, ilikuwa bekarini. Nimeifungua pembe zote nne nikalaza fimbo. Ishirini na nane. Nikageuza upande wa pili. Ishirini na nane. Hukubadilisha bati. Nilisema ulibadilisha, na nilisema mbele ya baba, na baba alikufa akiamini hivyo. Hilo siwezi kulilehemu.

Mjukuu wangu amenithibitishia kwa hesabu za chuoni, lakini sitaki useme nimeamini karatasi. Nimeamini trei.

Mimi bado fundi mzuri kuliko wewe katika ndoo na mabirika, hilo halijabadilika. Lakini siku ile wewe ulikuwa fundi na mimi nilikuwa mdomo.

Kuomba msamaha sijui. Sijawahi kuifanya kazi hiyo, na kazi ya mara ya kwanza huwa mbaya, kingo zinakata mtu. Ipokee hivyo hivyo.

Kaka yako


Jumatatu, 29 Aprili

Kaka, shikamoo.

Mwandiko wako nimeujua kwenye bahasha kabla sijafungua. Bado herufi zako zinatembea kama zimekunywa.

Sikukusamehe siku nilipoisoma. Niliiweka chini ya nyundo nikaendelea na kazi. Siku ya pili niliisoma tena nikakasirika upya, vizuri kabisa, kama kijana. Siku ya tatu nikafika pale uliposema uligeuza upande wa pili ukapima tena. Nikasimama hapo. Mtu anayetaka ushindi hupima upande mmoja tu. Anayetaka ukweli hugeuza. Basi, nikawa sina tena cha kukasirikia, na unajua mimi si mtu wa kukasirika bila sababu, hiyo ilikuwa kazi yako.

Mjukuu wako, kupitia mama yake, anauliza nilijuaje inchi mbili. Sikujua. Wiki nzima kabla ya siku ile nilikata karatasi ngumu za maboksi, nikazikunja, nikazijaza mchanga kwa kopo dogo. Kumi na tisa nilikata. Sikuwa nataka kukushinda, kaka. Nilitaka tu kujua kama alama ya baba ilikuwa peke yake duniani. Nilipofika kwenye mbili, mchanga uliojaza boksi la alama ya nane ukaisha sawasawa, nilikaa chini sakafuni. Sikuwa na wa kumwambia. Nilisema nitawaambia wote siku ya kupima.

Trei niliiuza pale bekarini asubuhi niliyoondoka. Ilikuwa pana mno kubeba njiani.

Kwa miaka yote hii nilidhani ilikuwa bahati yangu tu. Sasa mtoto ananiletea habari kwamba ilikuwa lazima iwepo. Nimeisoma hesabu yake, sijaielewa hata nusu, nimeibandika juu ya meza.

Njoo. Uje na fimbo na kopo la baba. Mke wangu anataka kumwona mtu aliyekuwa haruhusiwi kutajwa kwangu, kama mimi kwako, maana mimi pia nilikataza.

Mdogo wako, wa shoto bado


Jumamosi, tarehe 18 mwezi wa tano

Kidomo,

Nimerudi jana. Nimekaa kwake siku tano. Ameota kipara chote, mimi bado nina nywele pembeni, liandike hilo mahali.

Siku ya kwanza hatukusema kitu cha maana. Tulisema habari za magoti. Siku ya pili akasafisha meza, akatoa nusu yake ya fimbo. Mimi nikatoa yangu. Tukaziunga ncha kwa ncha, na meno ya msumeno wa baba yakaingiana, lile jino lililovunjika huku likapata pengo lake kule. Fimbo nzima, inchi ishirini na nane. Kwangu kuna alama ya nane. Kwake, akipimia kutoka ncha yake, kuna alama ya mbili, aliichonga usiku wa siku ile ya kupima, kabla hajaondoka, alisema hakutaka kuisahau.

Nikamweleza ya tatu. Nikasimama kifundi kabisa nikamweleza kama vile nimeivumbua mimi, sikukutaja mpaka mwisho. Nikamwambia kwenye nusu yangu nilikuwa naitafuta kumi na nane kila siku, naweka kidole hewani, nje ya fimbo, maana fimbo inaishia kumi na nne. Kule ng'ambo hakuna mti, hakuna bati, kuna hewa tu, na hesabu inasema hapohapo. Halafu akahesabu kutoka ncha yangu, kwa kidole cha shoto, pole pole. Nane. Kumi. Kumi na nne, akavuka kiungo. Kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba.

Kumi na nane imeangukia kwenye nusu yake.

Tulitazama pale, wazee wawili, mpaka chai ikapoa. Akasema, "Chonga wewe." Nikamwambia fimbo ni yako. Basi akashika kisu, nami nikashika fimbo isicheze. Mke wake akaja akauliza, hiyo alama mpya ni ya kukatia nini? Mdogo wangu akamwambia haikati kitu. Akauliza, sasa mnaichonga ya nini? Nikajibu mimi: kwa sababu ipo.

Nikamwambia karakana ni yetu wawili. Akasema anayo yake, inamtosha, ila mwezi ujao atakuja alehemu upya trei yake, maana nilipomwambia nilivyoziba zile pembe amesikia aibu kwa niaba ya ukoo. Mama wa bekari anaulizia trei kila siku. Nimemwambia mwenyewe anakuja.

Wewe usirudi upesi. Tafuta sifuri zako, zote, hata zile zisizotaka mikasi. Nilisema unatafuta kisichokuwepo, sitasema tena.

Fimbo nimeiacha kwake, nusu zote mbili. Leo asubuhi nimefungua karakana, nimelaza bati, nimenyoosha mkono kuichukua, haipo. Nane naijua bila fimbo. Mbili ndiyo ninajifunza.

Babu yako,
Mkono wa Chuma